Kisiwa cha Montserrat: Si Kila Janga ni la Asili



Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Mada ilikuwa "Majanga ya Asili". Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa sarufi huwapita wenzake, aliandika sentensi hii: "Volkeno ni janga la asili, kwa hiyo hakuna mtu wa kulaumiwa." Nilitafuta kosa la lugha nisilione. Upatanisho wa ngeli ulikuwa sawa na alama za uandishi zilikaa mahali pake. Hata hivyo, kalamu yangu nyekundu ilisita juu ya sentensi hiyo kwa muda mrefu. Sehemu yake ya kwanza ni kweli. Sehemu yake ya pili si kweli kila mara. Tatizo ni kile kiunganishi "kwa hiyo", kilichozifunga sehemu hizo mbili kana kwamba moja imeizaa nyingine.

Sikuweza kuyaeleza hayo yote pambizoni mwa daftari. Nimeona afadhali niyaandike hapa, ili nawe usome. Nitakueleza habari za kisiwa kimoja kidogo kiitwacho Montserrat, ambacho huenda hujapata kukisikia. Nikimaliza, utaamua mwenyewe kama sentensi ya mwanafunzi wangu ipewe alama ya vema au ya kosa.

Kisiwa chenyewe

Kisiwa cha Montserrat kimo katika Bahari ya Karibi, miongoni mwa visiwa vidogo vilivyopangika mithili ya upinde kati ya Puerto Rico na pwani ya Amerika ya Kusini. Eneo lake ni kilomita za mraba 102 tu: urefu wa kilomita 16 hivi na upana wa kilomita 11 hivi. Ukitaka kupima udogo huo, fikiria kisiwa cha Unguja, ambacho ni kikubwa kuliko Montserrat kwa zaidi ya mara 15.

Christopher Columbus alikipita mwaka 1493, akakipa jina la monasteri moja ya huko Hispania. Kuanzia mwaka 1632 walifika walowezi waliokuwa chini ya bendera ya Uingereza, na wengi wao walikuwa Wakatoliki kutoka Ireland. Baada yao wakaletwa Waafrika, ambao hawakufika kwa hiari: waliletwa katika minyororo ili walime miwa. Tarehe 17 Machi 1768, siku ambayo watu wa Ireland humkumbuka Mtakatifu Patrick, watumwa hao walipanga kuasi, wakitumaini kwamba mabwana zao wangekuwa wamezama katika sherehe. Siri ilivuja na viongozi wao wakanyongwa. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa kisiwani, na kumbukumbu mbili huadhimishwa kwa pamoja: ya mtakatifu wa walowezi na ya watumwa waliotaka uhuru wao. Wenyeji wengi wa sasa ni wazao wa Waafrika hao.

Kiutawala, Montserrat ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Zingatia maana ya maneno hayo. Si nchi huru, wala si mkoa wa Uingereza. Wananchi huchagua wawakilishi wao 9, na serikali ya kisiwa huongozwa na mtu ambaye zamani aliitwa Waziri Kiongozi na sasa huitwa Waziri Mkuu. Lakini yuko pia gavana, ambaye huteuliwa kwa jina la mfalme au malkia wa Uingereza, na mambo ya ulinzi, usalama wa ndani na uhusiano wa nje yamo mikononi mwake. Montserrat ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Karibi pamoja na mataifa huru, ilhali Umoja wa Mataifa unaiweka katika orodha ya maeneo ambayo bado hayajitawali. Usiusahau mgawanyo huu wa madaraka, kwa maana msiba ulipofika, swali la kwanza lilikuwa: nani ana wajibu?

Onyo lililokaa kabatini

Upande wa kusini wa kisiwa kuna milima ya volkeno iitwayo Soufrière Hills. Chini yake, kwenye pwani ya magharibi, kilomita chache tu kutoka kileleni, ulijengwa mji mkuu, Plymouth. Humo ndimo zilimokuwa bandari, hospitali, maduka, ofisi za serikali na watu wapatao 4,000.

Tangu walowezi walipofika hapakuwa na kumbukumbu yoyote ya mlima huo kulipuka. Ila ardhi ilitetemeka mara kwa mara mwishoni mwa karne ya 19, tena katika miaka ya 1930, tena katika miaka ya 1960. Kila mara mitetemo ilikoma na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Katika miaka ya 1980 wanasayansi wawili, Wadge na Isaacs, walitayarisha ripoti kuhusu hatari za mlima huo. Ripoti hiyo ilionyesha wazi kwamba, endapo mlima ungelipuka, Plymouth ungekuwa katika njia ya hatari.

Mwezi Septemba mwaka 1989 kisiwa kilipigwa na kimbunga kilichoitwa Hugo. Nyumba karibu zote ziliharibika. Ilibidi kujenga upya, na msaada wa fedha ukaja. Basi hospitali mpya na makao mapya ya serikali yalijengwa wapi? Palepale Plymouth, chini ya mlima uleule uliotajwa katika ripoti.

Wazee wetu husema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huko Montserrat ukuta mpya ulijengwa juu ya ufa wenyewe. Sisemi kwamba waliofanya hivyo walikuwa na nia mbaya. Mji ulikuwa pale, bandari ilikuwa pale, na si rahisi kuuogopa mlima ambao umenyamaza zaidi ya miaka 350. Lakini ripoti ilikuwapo. Karatasi iliyoandikwa kwa fedha za umma, ikahifadhiwa kabatini bila kusomwa na wanaoamua, haina faida kwa mwananchi. Katika hatua hii ya kwanza mlima haukuwa umetenda lolote. Watu ndio waliotenda.

Mara tatu "kwa muda"

Tarehe 18 Julai 1995 mlima uliamka. Mwanzoni ulitoa mvuke na majivu. Tarehe 21 Agosti wingu la majivu liliteremka juu ya Plymouth, mchana ukageuka usiku, na wakaazi wa mji na wa vijiji vya kusini wakaamriwa kwenda kaskazini. Wiki chache baadaye wakaruhusiwa kurudi. Mwezi Desemba wakahamishwa tena, na baada ya mwaka mpya wakarudi tena. Mwanzoni mwa Aprili 1996 wakahamishwa mara ya tatu. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho. Hawakurudi kuishi Plymouth hadi leo.

Niruhusu hapa nifanye kazi yangu ya ualimu. Tazama kitenzi "hama". Mtu akiondoka kwa uamuzi wake, tunasema amehama. Akiondolewa kwa amri ya mwingine, tunasema amehamishwa. Tofauti kati ya maneno hayo ni silabi moja tu, lakini katika maisha ni tofauti kubwa. Aliyehama alijua anakokwenda, na huenda alikwishauza ng'ombe wake na kufunga mizigo yake. Aliyehamishwa aliambiwa abebe nguo chache, kwa kuwa atarudi karibuni.

Tena, kauli ya kutendwa ina tabia moja ambayo nataka uichunguze. Inaturuhusu kumficha mtenda. Naweza kuandika "watu walihamishwa" nikaweka nukta, na sentensi ikawa sahihi. Lakini sarufi yetu imetuachia mlango wa kumtafuta mtenda huyo, nao ni neno dogo "na". Walihamishwa na nani? Mji ulifunikwa na nini? Waliachwa bila mashamba na nani? Kila usomapo habari ya msiba, uliza swali hilo. Mara nyingine jibu litakuwa "na mlima". Mara nyingine jibu halitakuwa mlima hata kidogo.

Waliohamishwa walipokelewa kaskazini katika makanisa, shule na mahema. Mpango ulikuwa wa muda. Majuma yakawa miezi, na miezi ikawa zaidi ya mwaka. Familia zililala pamoja katika ukumbi mmoja, zikitenganishwa na mapazia, zikitumia vyoo vichache. Hakuna aliyekuwa na jibu la hakika, kwa sababu volkeno haina ratiba. Wanasayansi waliweza kusema kwamba hatari ipo, lakini hawakuweza kusema itakwisha lini. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika msiba wa namna hii. Kimbunga hupita usiku mmoja, na asubuhi mtu huanza kuezeka paa. Volkeno yaweza kukaa miaka, na kila mwezi mtu hujiuliza kama ajenge huko alikohamia au angoje kurudi.

Wakulima wa tarehe 25 Juni

Tarehe 25 Juni 1997 sehemu ya kuba la mwamba mpya, lililokuwa limejengeka juu ya mlima, iliporomoka. Lililoteremka halikuwa ule uji mwekundu wa mawe ambao huenda umeuona katika picha. Lilikuwa wingu zito la gesi, majivu na mawe, lenye joto la mamia ya nyuzi, likienda kwa kasi ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuishinda kwa miguu. Wingu hilo lilipita katika vijiji na mashamba ya upande wa mashariki hadi karibu na uwanja wa ndege. Watu 19 walikufa.

Hao walikuwa ndani ya eneo lililokatazwa. Mtu akikomea hapo, atasema: walionywa, hawakusikia, basi lawama ni yao. Lakini uliza swali la pili: walikuwa wakifanya nini huko?

Wengi walikuwa wakulima. Walikuwa wakiitunza mifugo yao na kuvuna mazao yao, kwani ardhi nzuri ya kilimo ilikuwa upande ule, na kaskazini hawakuwa wamepewa ardhi ya kutosha ya kulima. Wengine walikuwa wamechoshwa na maisha ya kambini, wakaona heri kulala katika nyumba zao wenyewe kuliko sakafuni mwa ukumbi. Na mazao waliyoyatoa katika eneo la hatari yaliliwa kisiwani kote, hata na wale waliokuwa salama.

Tuna methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia kumcheka mgeni mvivu. Leo nakuomba uisome kwa upande wa mwenyeji. Methali inamwamuru mwenyeji atoe jembe, na jembe bila shamba ni mti na chuma tu. Watu wa kusini walikaa wageni kaskazini kwa miezi mingi, wakiwa tayari kufanya kazi, lakini mahali pa kulima hapakutosha. Kwa hiyo walilifuata shamba lilipokuwa. Uchunguzi wa mahakama uliofanywa baadaye kuhusu vifo hivyo haukuishia kuulaumu mlima peke yake. Uligusia pia hali ya makazi ya muda na uhaba wa ardhi salama ya kulima.

Waliuawa na wingu la moto, hilo ni kweli. Lakini walirudishwa mashambani na nani?

Tembo wa dhahabu

Mwezi Agosti mwaka huohuo Plymouth wenyewe ulifikiwa na moto. Mji uliungua, kisha ukazikwa. Mwezi uliofuata majengo ya uwanja wa ndege nayo yakateketea. Jambo moja la kushukuru ni kwamba Plymouth ulikuwa umehamwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, na maelfu ya watu ambao wangeweza kufa walikuwa hai. Sifa hiyo lazima ipewe wenyewe: wanasayansi waliokuwa wakiupima mlima usiku na mchana, na viongozi waliothubutu kutoa amri ya kuondoka. Anayetaka kuilaumu serikali kwa haki sharti aisifu pia kwa haki.

Lakini mwezi huohuo wa Agosti ndipo palipozuka ugomvi ambao haujasahauliwa kisiwani. Wananchi waliandamana wakitaka nyumba bora na msaada wa maana kwa wanaotaka kuondoka. Waziri Kiongozi, Bertrand Osborne, akajiuzulu, na David Brandt akashika nafasi yake. Viongozi wa kisiwa walipoomba zaidi, waziri wa Uingereza aliyehusika na maendeleo ya kimataifa, Clare Short, aliliambia gazeti moja maneno yenye maana kwamba watu hao baadaye watataka tembo wa dhahabu.

Fikiria maneno hayo yanavyosikika katika masikio ya mama anayelala na watoto wake sakafuni mwa kanisa. Hakuomba tembo. Aliomba mlango wa kufunga.

Nisimwonee waziri huyo. Serikali yake ilitoa fedha nyingi, na katika miaka iliyofuata ikatoa mamia ya mamilioni ya pauni kwa kisiwa chenye watu wachache mno. Lakini kamati ya bunge la Uingereza iliyochunguza jambo hilo mwishoni mwa mwaka 1997 iliona udhaifu mkubwa katika namna wajibu ulivyogawanywa. Palikuwa na wizara moja ya mambo ya nje, wizara nyingine ya maendeleo, gavana kisiwani, na serikali iliyochaguliwa kisiwani humohumo. Kila mmoja alikuwa na kipande cha madaraka, na maamuzi yalichelewa yakipita kati yao. Ndiyo maana nilikuomba mapema usiusahau mgawanyo ule. Wajibu ukiwa wa wote bila mipaka, mwisho wake huwa si wa mtu yeyote.

Waliondoka, walibaki

Kabla ya mlipuko, Montserrat ilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Ilipofika mwaka 1998 walikuwa wamebaki yapata 3,000. Wengine walikwenda Antigua, kisiwa jirani. Wengi walikwenda Uingereza, ambako waliruhusiwa kuishi na kufanya kazi, na mwaka 2002 sheria mpya iliwapa watu wa maeneo ya ng'ambo uraia kamili wa Uingereza.

Baadhi walikwenda Marekani, wakapewa hifadhi ya muda tangu mwaka 1997. Mwaka 2004 Marekani ilitangaza kwamba hifadhi hiyo itakoma mwaka uliofuata. Sababu yake ni ya ajabu, nami naomba uisome polepole. Hoja ilikuwa kwamba, kwa kuwa haijulikani volkeno itatulia lini, tatizo hilo haliwezi tena kuitwa la muda, na hifadhi ya muda ni kwa matatizo ya muda. Hatari haikuwa imepungua. Ilikuwa imedumu mno. Hapo utaona jinsi neno moja, "muda", lilivyowasumbua watu walewale katika nchi mbalimbali: kwao waliambiwa wavumilie kwa kuwa ni kwa muda, na ugenini wakaambiwa waondoke kwa kuwa si kwa muda.

Waliobaki walianza kujenga nchi upya katika theluthi moja ya kisiwa, kaskazini. Ofisi za serikali zilihamia Brades. Uwanja mpya wa ndege ulifunguliwa mwaka 2005, na mji mpya na bandari mpya vimepangwa kujengwa Little Bay. Mlima uliendelea kuporomosha kuba zake: mwezi Julai 2003 yalitokea maporomoko makubwa kuliko yote, na mwezi Februari 2010 yakatokea mengine makubwa. Tangu hapo umetulia zaidi, ingawa bado unatoa gesi, na Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Montserrat kinaendelea kuuchunguza. Sehemu kubwa ya kusini bado imewekewa mipaka ya kuingia.

Leo kisiwa kina watu kati ya 4,000 na 5,000. Baadhi yao si wazaliwa wa pale. Wametoka Guyana, Jamaika, Haiti na Jamhuri ya Dominika kufanya kazi. Mchanga ulioletwa na mlima huchotwa na kuuzwa nje kwa ajili ya ujenzi. Watalii huja kuutazama mji uliozikwa, ambako mapaa na ghorofa za juu za nyumba hujitokeza katika majivu yaliyogeuka kuwa kama saruji. Kuanzia mwaka 2013 vimechimbwa visima virefu ili kutafuta umeme katika joto lilelile la ardhini. Na katika sheria, Plymouth ungali mji mkuu wa Montserrat, ingawa hakuna mtu hata mmoja anayeishi humo.

Wako wanaocheka wakisikia hivyo. Mimi sicheki. Kulifuta jina la Plymouth katika sheria kungekuwa kukiri kwamba ule "muda" hautakwisha. Watu wana haki ya kuamua wenyewe siku ya kukiri hivyo.

Hoja ya upande wa pili

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: "Mwalimu, je, ni busara kutumia fedha nyingi hivyo ili watu wachache wabaki karibu na mlima wa moto? Si bora wote wangehamishiwa Uingereza, kisiwa kikaachiwa ndege na miti?"

Swali hilo si la kipuuzi. Fedha za serikali ni za walipa kodi, na kila shilingi iliyotumika mahali pamoja haikutumika mahali pengine. Tena kuna maeneo ambayo kwa kweli hayafai kukaliwa, na kumwacha mtu hapo kwa kisingizio cha uhuru wake ni kumtelekeza.

Lakini nina majibu mawili. La kwanza, kaskazini mwa kisiwa pamethibitika kwa miaka mingi kuwa panakalika. Watu hawakuomba kuishi kinywani mwa mlima. Waliomba kuishi katika sehemu iliyo salama ya nchi yao. La pili, nchi haifanywi na idadi ya watu tu. Wazee wa Montserrat waliletwa pale kwa nguvu, wakalima kwa nguvu, na wazao wao wakapageuza pale kuwa kwao. Kumwambia mtu kama huyo kwamba sasa aondoke kwa kuwa kumtunza ni ghali ni kumhamisha mara ya pili. Akitaka kuondoka, asaidiwe aondoke kwa heshima. Akitaka kubaki mahali salama, asaidiwe abaki kwa heshima. Huo ndio msimamo wangu, na ukipingana nami kwa hoja nitafurahi.

Na sisi je?

Mimi nafundisha upande wa Rwanda, si mbali na mpaka wa Goma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 anga lilikuwa jekundu juu ya Nyiragongo, na tuliokuwa Rubavu hatukuhitaji kusimuliwa na redio. Lava ilifika kandokando ya Goma, watu wakapoteza maisha na nyumba, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hata kuta za kwetu zikapasuka. Tarehe 27 Mei wakuu wa upande wa pili waliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na maelfu ya watu wakaja kwetu na wengine wakaenda Sake, wakiwa na magodoro vichwani na watoto mgongoni. Wazee miongoni mwao walikuwa wamekwishakimbia njia hiyohiyo mwezi Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji.

Baadaye ikaelezwa katika vyombo vya habari kwamba kituo kinachouchunguza mlima ule kilikuwa kimepungukiwa fedha kwa miezi mingi kabla ya mlipuko. Umeona? Kituo "kilipungukiwa". Kitenzi kimesimama peke yake, mtenda hayupo. Nasi tunaoishi chini ya Virunga, wa pande zote za mpaka, tuna wajibu wa kumtafuta.

Uraia si kuimba wimbo wa taifa na kupiga kura peke yake. Uraia ni kuuliza kabla ya msiba: Ripoti ya wataalamu iko wapi, na imeandikwa kwa lugha tunayoielewa? Tukiambiwa tuondoke, tutakwenda wapi, na huko tutalala na kulima wapi? Nani atakayetuambia ukweli kama safari ni ya siku tatu au ya miaka thelathini? Maswali hayo yakiulizwa baada ya mlipuko, majibu yake hupatikana katika orodha ya waliokufa.

Sasa nirudi kwenye daftari la mwanafunzi wangu. Sikumwekea alama ya kosa. Nilikata maneno "kwa hiyo hakuna mtu wa kulaumiwa", na juu yake nikaandika: "lakini". Kisha nikamrudishia insha, nikamwomba aimalizie sentensi mwenyewe.

Nawe msomaji nakuachia kazi hiyohiyo. Andika katika daftari lako: "Volkeno ni janga la asili, lakini..." Endeleza kwa sentensi zisizopungua tano. Tumia angalau vitenzi vitatu katika kauli ya kutendwa, na usiache hata kimoja bila "na".